Wanafunzi Wangu Walikuwa Mama za Watu

Madamu, mkunga wa kizungu wa misheni, aliondoka majuma machache baada ya uhuru wa Kongo. Asubuhi hiyo aliingia materinite, nyumba yetu ya kuzalishia, kama siku zote, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akamtazama mzazi mmoja aliyejifungua alfajiri, kisha akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya kitanda cha chuma. Nje gari la misheni lilikuwa linanguruma. Wazungu wengi wa Uvira walikuwa wamekwisha kuvuka daraja la Ruzizi kwenda Usumbura, na yeye alikuwa miongoni mwa wa mwisho.

Akanipa funguo. "Utaweza," akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha vitabuni.

Sikuamini, wala sidhani yeye mwenyewe aliamini. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, msaidizi wake wa kuchemsha vyombo na kubadilisha mashuka. Nilizalisha nikiwa naye pembeni. Peke yangu sikuwahi.

Mganga wa dispanseri, mwenyeji wa hapo hapo kando ya ziwa, ndiye aliyebaki mkubwa wetu. Siku chache baadaye aliniita. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mzungu, lakini ukingoni tu, kama mtu anayetarajia kuinuliwa.

"Madmazeli, wamama wanakuja kuzaa kila siku, na weye iko peke yako. Makanisa yatatutumia wamama. Uwafundishe."

"Nitawafundisha vipi? Mimi mwenyewe bado najifunza."

"Basi mutajifunza pamoja," akasema, akarudi kwenye makaratasi yake. Nilidhani ananitania. Ilichukua muda kujua kwamba alikuwa ameniambia jambo la maana kuliko yote niliyowahi kuambiwa juu ya kazi hiyo, na kwamba yeye mwenyewe hakujua.

Wakaja. Wengi walitoka Rugenge na mitaa ya jirani, na mmoja aliteremka kutoka milimani pamoja na watu wanaoleta siagi sokoni. Lakini wawili ndio ninaowabeba mpaka leo. Wa kwanza alikuwa Mama wa Kalundu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi, aliyeuza samaki pale bandarini na kuwapokea watoto wa jirani zake tangu kabla sijazaliwa. Wa pili alikuwa Mama wa Kiringye. Huyu alitoka kwenye mashamba ya pamba ya bonde la Ruzizi, akamwacha binti yake mdogo nyumbani, akalala kwa kaka yake Rugenge ili aweze kusoma. Alikuwa mwembamba, na hakusema. Ukimsalimu aliitika kwa kuinamisha kichwa.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nikatundika ile picha ya Madamu ya mwili wa mwanamke uliokatwa katikati, nikachukua fimbo, nikagusa huku na kule nikitaja majina ya Kifaransa, nao wakaitikia. Aliyekosea nilimrudisha mwanzo. Aliyechelewa nilimsimamisha. Fikiria msichana ambaye hajui uchungu, anasimamisha mbele ya wenzake mama aliyezika na kuzaa. Mama wa Kalundu alikuwa anasinzia. Yule wa milimani alitazama picha kwa haya, kisha akatazama miguu yake. Juma la pili viti vilianza kubaki vitupu.

Sikujua la kufanya. Nililia chumbani kwa vyombo, nikanawa uso, nikarudi kutundika picha.

Siku moja, katikati ya majina yangu ya Kifaransa, mzazi aliletwa mlangoni akiwa amebebwa kwenye machela, mtoto karibu kutoka. Nikaacha fimbo. Kabla sijafika kitandani, Mama wa Kalundu alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya yule mwanamke, amemwegemeza kifuani pake, anamnong'oneza. Mama wa Kiringye alikuwa ameyashika magoti ya mzazi. Mwingine alitoka akarudi na maji bila kutumwa. Wale waliokuwa wamelala darasani walikuwa macho kuliko mimi. Mtoto akatoka, akalia, na chumba kizima kikacheka.

Tulipokwisha kusafisha sikurudi kwenye picha. Nikaketi nao sakafuni, nikamuuliza Mama wa Kalundu, "Mama, kwa nini ulimkalisha? Madamu alitaka walale chali."

"Muntu akilala chali, mutoto anapanda mulima," akasema. "Akikaa, mutoto anateremuka. Weye ulisoma kwa nini wanalazwa?"

Nikafikiri. "Ili anayezalisha aone vizuri."

"Aa. Basi iko kwa faida ya anayezalisha."

Wakacheka, nami nikacheka. Kuanzia siku hiyo ndivyo tulivyosoma. Nilianza kwa kuuliza: umeona nini, ulifanya nini, ikawaje? Nilishona mtoto wa vitambaa, nikachukua kibuyu kikubwa kiwe nyonga ya mama, tukakikata chini, na kila mmoja akampitisha mtoto yule kwa mkono wake, akitanguliza kichwa, akitanguliza matako, akitanguliza mkono. Aliyekwisha kuelewa alimfundisha aliyekaa karibu naye, kwa Kifuliiru, kwa Kinyarwanda, kwa lugha yoyote iliyomfikia. Siku za soko sikufundisha, maana hawakuwa na akili ya kunisikiliza wakati biashara zao zinaoza. Nilitupa ile fimbo. Nilijifunza kunyamaza baada ya swali, na kuacha ukimya urefuke mpaka mmoja wao auvunje.

Nisingependa mtu asome hapa akadhani ilikuwa furaha. Kuna siku moja ambayo sijawahi kupona.

Tulifika kwenye kitovu. Niliwauliza wanakikatia nini na wanapaka nini. Wengi walisema unyasi mkali, au kisu cha jikoni. Na juu yake majivu, au mavi ya ng'ombe, ili kikauke upesi. Nikawaambia, kwa upole nilioweza, kwamba ndimo unamoingia ule ugonjwa unaomkaza mtoto taya, akashindwa kunyonya, akapindika mgongo, akafa kabla ya kutimiza majuma mawili. Nikawaonyesha wembe uliochemshwa na uzi uliochemshwa. Nikasema kitovu hakitaki kitu kingine chochote.

Mama wa Kiringye alisimama. Alifunga kitenge chake vizuri, akatoka, nikamwona kupitia dirishani anakwenda katikati ya njia kama mtu asiyesikia magari.

"Amekasirika?" nikauliza.

Mama wa Kalundu akatikisa kichwa. "Mwanangu, yule amezika watoto wa namna hiyo. Mmoja nyuma ya mwingine. Na ni mikono yake ilipaka."

Ndipo nikaelewa nilichokuwa ninafanya. Mtoto wa shule ukimfundisha unampa kitu, anaondoka nacho mbele. Mtu mzima kila unachompa anageuka nacho nyuma, anakwenda kukipima kwenye makaburi yake. Hakuna kitabu cha Madamu kilichoniambia hivyo. Na hata ningejua, ningesema nini tofauti? Nilitaka kumfuata. Sikujua nyumba ya kaka yake, na nilipoijua sikuwa na maneno ya kupeleka.

Alirudi baada ya siku nyingi. Aliketi mahali pake pa zamani, macho yamevimba, akanyoosha mkono.

"Ule wembe," akasema. "Unionyeshe tena."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ndefu niliyomsikia akisema. Nilitaka kumwambia pole. Nikaona ndiyo itakayomvunja, nikampa wembe na sufuria.

Hakuna aliyejifunza kama yeye. Alichemsha maji mpaka nikamwambia yanatosha, naye akaendelea kuyachemsha. Aliporudi kwao Kiringye, wanawake wa vijiji vya jirani walianza kumfuata. Alinitumia salamu kwa watu waliokuja sokoni: mtoto wa fulani anaishi, mtoto wa fulani anatambaa. Dawa za materinite zilikuwa zinapungua, serikali haikuleta, mganga wa dispanseri aliandika na kuandika bila jibu. Lakini nyembe zilikuwepo sokoni, na maji yalikuwepo ziwani, na kuni. Nilidhani hayo yatatutosha.

Kisha uasi ukaja.

Ulianza kama maneno. Watu wa Leta, yaani wa serikali, wametula, uhuru wa kwanza umeliwa na wachache, sasa unakuja uhuru wa pili. Vijana wa Kalundu waliokuwa wanabeba mizigo bandarini walitoweka mmoja mmoja kwenda milimani. Waliporudi walikuwa na majani vichwani, na walikuwa wamechanjwa na kunyunyiziwa maji ya dawa yatakayogeuza risasi kuwa maji. Askari wa serikali wakakimbia, na mji ukabaki kwa wapiganaji. Waliokuwa na kola nyeupe, yaani waliosoma, walianza kutafutwa. Mganga wa dispanseri alichukuliwa akiwa na koti lake la kazi. Sikumwona tena, wala sikupata mtu wa kuniambia alizikwa wapi. Yule mama wa milimani hakuteremka tena. Njia ilikuwa imefungwa, na watu wa ziwa na watu wa milima walikuwa wameanza kutazamana vibaya.

Siku hizo Mama wa Kiringye alikuwa amekuja mjini kutafuta nyembe. Alikuwa nami materinite wapiganaji walipoingia.

"Nani hapa alisoma kazi ya udaktari?" aliuliza komanda wao. Hakuwa mzee. Alikuwa na sauti ya mtu aliyewahi kuwa karani.

"Hatukusoma udaktari," nikasema. "Sisi tunazalisha tu."

"Munafunga damu?"

Mama wa Kiringye akajibu, "Tunafunga."

Wakatupeleka kwenye shule moja iliyogeuzwa kuwa hospitali yao. Majeruhi walilazwa sakafuni, chini ya ubao uliokuwa bado na hesabu za watoto. Lakini dawa yao ilikuwa na miiko, na mmoja wa miiko ni kwamba mwanamke asimguse mpiganaji. Akimgusa, maji yanaharibika na risasi inabaki risasi. Kwa hiyo komanda alichora mstari wa chaki kwenye saruji. Sisi tusimame huku. Huko ng'ambo aliweka wapiganaji wachache ambao tuwafundishe kwa maneno, nao wawatibu wenzao.

Nilikuwa mwalimu tena. Sikuwahi kutamani kazi hiyo kidogo kama siku ile.

Mmoja wao nilimfahamu kwa sura, alikuwa mbebaji wa mizigo pale Kalundu, mtu mzima mwenye watoto. Mikono yake ilijua kamba. Nilimwambia, "Baba, jeraha likitoa damu nyingi, unafunga juu yake kama unavyofunga gunia lisifunguke melini." Akanielewa mara moja, akafunga, damu ikasimama, akageuka kunitazama na uso umefunguka. Kwa siku kadhaa nilidhani itawezekana. Mama wa Kiringye aliwaonyesha kwa kujifunga mwenyewe mguuni, upande wetu wa mstari, nao wakamwiga upande wao. Walianza kuuliza. Hii ikivimba? Hii ikinuka? Mtu mzima akianza kukuuliza, ujue amekuamini.

Lakini komanda alisimama mlangoni akitusikiliza. Siku moja mpiganaji mmoja alikosea, akafunga chini ya jeraha badala ya juu. Nilifungua kinywa nimrekebishe. Komanda alitangulia. Alimchapa kwa mkanda mbele ya wote, mtu mwenye ndevu, akamwambia kosa la pili atamhesabu kuwa msaliti.

"Komanda," nikasema, "nakuomba. Akiogopa hatajifunza."

"Mupiganaji haogopi," akajibu.

Tangu saa ile hakuna aliyeuliza tena. Nilipouliza mmeelewa, wote waliitikia, "Ndiyo!" kwa sauti moja, kama darasa langu la kwanza mbele ya picha ya Madamu. Walikuwa wanaficha. Asiyekumbuka alikisia. Aliyekosea alifunika kosa lake kwa kitambaa, tukalijua kwa harufu. Hata yule mbebaji mizigo alianza kufungua na kufunga upya fundo lile lile. Majeruhi walianza kufa kwa vitu ambavyo siku chache nyuma vilikuwa vinatibika, nami nimesimama nyuma ya chaki nawaona.

Kisha wakaletwa wengi mara moja. Askari wa serikali walikuwa wanasogea. Kijana mmoja alipigwa paja, damu ikitoka kwa kuruka. Walimweka mbele ya yule mbebaji mizigo.

"Funga juu, Baba," nikamwambia. "Kama gunia."

Alichukua kitambaa, akakizungusha, akakiachia. Akakichukua tena. Akatazama mlangoni aliko komanda. Nilimwona amesahau. Kitu alichokuwa anakifanya tangu ujana wake bandarini, woga ulikuwa umekifuta.

"Sema kama hukumbuki!" nikalia. "Sema tu!"

Akakizungusha kitambaa tena. Hakuweza kusema.

Mama wa Kiringye akavuka mstari. Hakukimbia, alitembea tu kama anavuka chumba cha materinite. Akapiga magoti, akaweka ngumi yake kwenye kinena cha yule kijana, akaegemea kwa uzito wake wote, ule uzito mdogo. Damu ikapungua. Kwa mkono mwingine akaanza kufunga. Lakini alikuwa amechelewa, wote tulikuwa tumechelewa, na baada ya muda mfupi kijana yule akatulia kwa namna ninayoijua.

Komanda akaingia. "Nani alimugusa?"

Yule mbebaji mizigo aliinamisha uso. Nami nikatazama mstari wa chaki.

"Ni minye," akasema Mama wa Kiringye. Mikono yake ilikuwa myekundu, hapakuwa na haja ya kuuliza. "Alikuwa anakufa. Nilimugusa."

"Umemuua."

"Hapana," akasema, taratibu, kama anamweleza mwanafunzi mgumu. "Ni damu ilimuua. Damu ikitoka hivi, unafunga juu, upesi. Kama mwenziwe angekumbuka, angeishi. Na angekumbuka kama weye hukumupiga."

Walimtoa nje. Nilisikia wanamwambia atembee mbele. Nilimsikia akiuliza kama anaweza kunawa mikono kwanza. Sikusikia jibu. Baadaye nikasikia kile ambacho kila mtu ndani ya chumba kile alikisikia, na hakuna aliyeinua kichwa.

Askari wa serikali walipouteka mji, wapiganaji walikimbilia milimani, na mlango wa shule ukabaki wazi. Sikungoja kuulizwa niliwatibu akina nani. Nilikwenda na kundi la watu waliokuwa wanavuka bonde kuelekea Burundi, tukipita mashamba ya pamba ambayo hakuna aliyeyavuna.

Mama wa Kalundu nilimkuta Bujumbura, ule mji tuliouita Usumbura, anauza ndagala kavu karibu na ziwa. Alikuwa amekonda mpaka sauti. Nilimweleza yaliyompata Mama wa Kiringye. Alisikiliza huku akipanga samaki wake kwa mafungu, akiyavunja, akiyapanga upya.

"Bado unazalisha, Mama?" nikamuuliza mwishoni.

"Hapana."

"Wakimbizi wanazaa kila siku hapa."

"Wanazaa," akasema. "Mwanangu, minye nilikuwa ninajua kitu kidogo, na usiku ninalala usingizi muzuri. Weye ulinionyesha vile vyote vinavyoweza kuharibika. Sasa sina sabuni, sina kuni, sina maji ya kuchemusha. Nikipokea mutoto, ninajua anakufa na kwa sababu gani. Siwezi."

Alinipa fungu la samaki. Sikuwa na hamu ya kula, nikalichukua kwa sababu kukataa kungekuwa ni kumwongezea huzuni.

Miaka ilipita kabla sijarudi. Kanisa lilitaka tena kufundisha wanawake wa bondeni, wakamkumbuka yule msichana wa materinite, ambaye sasa alikuwa mama mwenye mvi. Niliomba nianzie Kiringye. Walitangaza ibadani. Niliketi ndani ya jengo la kanisa na beseni, nyembe, uzi, mtoto wa vitambaa niliyemshona upya. Nilikuwa najua kufundisha, hilo naweza kulisema bila kujisifu. Nilijua kuuliza, nilijua kungoja. Jua lilitoka dirisha hili likaenda la pili. Hakuna aliyekuja.

Alasiri akaingia mwanamke mmoja, mtoto mgongoni. Hakuketi. Alikuwa mwembamba, na alinisalimu kwa kuinamisha kichwa, nikajua ni binti wa nani kabla hajasema.

"Watu wamenituma nikuambie usingoje," akasema. "Hawatakuja."

"Wanaogopa nini? Vita viliisha."

"Mama alijifunza," akasema. "Mama iko wapi?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majina ya watoto wa kijiji kile walioishi kwa sababu ya mikono ya mama yake. Pengine baadhi yao walikuwa ni baba na mama wa watu sasa, walikuwa kule nje wanalima. Nilifungua kinywa niyaseme. Yeye alikuwa ananitazama bila hasira, kama mtu anayengoja kweli kuelezwa. Nikakifunga. Kijiji kile kilikuwa kimejifunza somo lake kama watu wazima wanavyojifunza, kwa macho yao wenyewe, kutoka kwa mtu waliyemwamini, juu ya kitu kilichowahusu. Ndivyo nilivyokuwa nikifundisha siku zote, na sikuwa na njia bora zaidi ya hiyo ya kulifuta somo hilo.

Mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka akaanza kulia. Akamgeuza mbele, akamnyonyesha akiwa bado amesimama, hakutaka kukaa ndani humo. Kisha akaniaga kwa heshima, akaniita mama, akatoka.

Nilimwaga maji ya beseni nje, nikafunga vitu vyangu, nikaenda barabarani kungoja kamio ya kurudi Uvira.